Viatu vya Bluu vya Kitengo cha Sheria

Ulitazama pembeni. Usibishe, nilikuona. Ile video ilipokufikia, ya mwanamke wa kaunta ya kahawa anayekabwa shingo mbele ya watu waliosimama foleni, uliiangalia kidogo, ukasema maskini, kisha kidole gumba chako kikaisukuma juu ukaenda zako kwenye video ya mbwa anayejifunza kuogelea. Sikulaumu kwa sababu ya mbwa. Nakulaumu kwa sababu wiki hiyo hiyo programu ilikuuliza kama ungependa kuona majina ya watu wanaopita mbele ya kamera yako, na wewe ukabonyeza ndiyo.

Mwanamke yule anaitwa Yesenia Farfán. Wewe hukulijua jina lake. Simu yako ililijua.

Jina la kampuni silitaji. Si woga, nimeshawahi kubururwa mahakamani na wakubwa kuliko hao. Ni kwamba limebadilishwa mara mbili tangu wakati ule, na hilo la leo huenda likabadilika kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Mimi nashikilia yale wasiyoweza kuyabadilisha. Nashikilia viatu.

Vipo hapa, chini ya meza ninapoandikia, Oakland, nyumbani kwangu. Viatu vya turubai, rangi ya bluu, soli nyeupe iliyogeuka kijivu. Kisigino cha kulia kimelika upande mmoja kwa sababu nilivunjika nyonga zamani. Asubuhi yangu ya kwanza kwenye kazi ile, kabla sijaonyeshwa kiti changu, kijana mmoja mrefu mwenye miwani na tai iliyokaa upande alinijia na kuniuliza:

"Namba ngapi, mama?"

"Namba ngapi ya nini?"

"Ya kiatu."

Nikamwambia nimekuja kufanya kazi, sikuja dukani. Akacheka mpaka miwani ikateleza. Huyo ndiye Tobias Renquist, wakili mkuu wa kitengo cha sheria na sera, na wote pale walimwita Toby, hata wafagizi. Akanipa boksi.

"Hapa mambo mazito hatuyaandiki, Mama Corliss," alisema. "Tunayatembea."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa mzaha. Ukiwa na jambo dogo, unaandika: chakula cha mchana, likizo, printa iliyokwama. Ukiwa na jambo la kuogopesha, unasema "tutembee," na wenzako wanajua wainame wavue viatu vyao vya heshima na kuvaa vya bluu. Mnashuka, mnavuka barabara, mnafuata ukingo wa ghuba kuelekea chini ya daraja, na wakili anakuwa katikati yenu kama padri. Maana sheria inasema maneno ya mteja na wakili wake ni siri, hata mahakama haiyafungui. Basi wakawa hawaongei lolote la maana bila wakili kuwepo. Hata kwenye barua pepe walimwongeza Toby. Nimewahi kuona mtu akilalamika kuhusu harufu ya samaki jikoni, na juu yake ameandika: siri ya wakili na mteja.

Usinielewe vibaya. Toby hakuwa mtu mbaya. Kampuni ilikuwa inakimbia, kila mwezi inafungua mlango mwingine ambao hakuna aliyewahi kuufungua, na kazi ya kitengo chetu ilikuwa kuifuata nyuma tukiuliza: huu mlango unatokea wapi? Nani amelala nyuma yake? Toby aliuliza kwa sheria. Mimi niliuliza kwa watu. Ndicho nilichoajiriwa kufanya, mimi dereva wa basi ambaye sheria niliisoma kwenye maktaba ya umma kati ya zamu na zamu, nikiwa bado nimevaa sare. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilisimama na kipaza sauti mbele ya mlango wao nikiwaimbia madhambi yao hadi sauti ikanikauka. Badala ya kunijibu, wakaniajiri. Walisema wanataka mtu wa mtaani kwenye meza ya sera. Wenzangu wa mtaani waliniambia nimenunuliwa. Nikawaambia subirini.

*

Kaunta ya kahawa ilikuwa chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, na Yesenia ndiye aliyeiendesha. Mfupi, mabega mapana, na sauti, Mungu wangu, sauti ile ilijaza ukumbi wote wa vioo. Kila kikombe kilipokuwa tayari aliita jina la mwenyewe kama anayeita abiria wa treni.

"Mama Corliss! Maji yako ya sukari yenye kahawa kidogo!"

"Wewe mimina, acha udaktari."

"Mimi namimina tu, mama. Daktari atakuja kukuona mwenyewe, na atakuja na gari la taa."

Kwenye aproni aliandika jina la utani tu, Nena. Nilichukua muda kugundua jambo moja, na niliposhaligundua sikuweza tena kuacha kuliona: mtu yeyote akiinua simu kupiga picha pale ukumbini, Nena aliinama chini ya kaunta kutafuta vifuniko vya vikombe. Vifuniko vilikuwa juu, mbele yake, rundo zima.

Sikumuuliza. Nimelelewa na bibi aliyetoka Louisiana usiku bila kuaga mtu, najua watu wanaoinama. Mchana mmoja ukumbi ukiwa mtupu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Hicho kitu mnachopika huko juu," alisema akifuta bomba la maziwa. "Cha majina. Kitanijua?"

"Umesikia wapi habari hizo?"

"Mama, mimi nauza kahawa. Mnaongea mbele yangu kama vile sina masikio."

Nikamweleza, maana sikuona sababu ya kumficha. Mtu akirusha video ya moja kwa moja, programu itasoma nyuso zote zilizomo na kuweka jina juu ya kila kichwa, kama picha ya uso huo imewahi kuwekwa popote mtandaoni.

"Una picha mtandaoni?"

"Mimi sina." Akafuta bomba ambalo lilishakuwa safi. "Yeye anazo. Za harusi yetu. Amezibandika zote Fresno nzima izione, na hawezi kuzitoa. Mahakama ilimwambia akae mbali nami. Alilichana lile agizo mbele ya aliyempelekea."

"Itakujua," nilimwambia.

Hakulia. Alipanga vikombe vitatu, akavipangua.

"Basi wazuieni," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba dirisha lifungwe kwa kuwa upepo unaingia.

*

Nilipanda juu na kuandika. Ndiyo, niliandika, usinione mjinga. Niliandika waziwazi, kwamba kuna watu wanaoishi kwa sababu tu hakuna anayejua wako wapi, na kwamba mmoja wao yuko ndani ya jengo letu. Jibu la Toby lilikuja kabla sijamaliza chai. Alikuwa ameweka ile alama ya siri juu kabisa, na chini yake neno moja.

Tutembee.

Tulikuwa wanne. Toby katikati. Kulia kwake Grant Ostrander, mkuu wa bidhaa, mtu wa furaha, mtu anayekumbuka siku ya kuzaliwa ya paka wako, anatembea haraka akitafuna lozi kutoka mfukoni. Kushoto mimi. Nyuma kidogo alifuata Hae-won, mhandisi aliyeijenga ile kazi ya majina, binti wa Kikorea mwenye sauti ndogo ambaye vikaoni aliongea mara moja tu, na mara hiyo moja ndiyo iliyokuwa na maana. Wote miguuni bluu. Watu waliokuwa wakikimbia mazoezi walitupisha, labda walidhani ni timu ya mchezo fulani.

"Nipe asilimia, Mama Corliss," Ostrander alisema. "Watu wa namna hiyo ni wangapi kati ya milioni?"

"Wanaojificha hawajiandikishi, Grant."

Akacheka, akanipa lozi. Hae-won akasema kutoka nyuma, "Tunaweza kuuliza kwanza. Jina lisitokee mpaka mwenye uso akubali. Nipeni wiki mbili. Labda tatu."

"Wiki tatu! Wale washindani wetu wa San Jose wanazindua Jumanne. Baada ya wiki tatu sisi tutakuwa wale waliochelewa."

Toby alivua miwani akaifuta kwa tai. "Kisheria tunapita," alisema. "Kama binadamu, Grant, mimi ningesubiri."

Hayo ya Toby siruhusiwi kuyarudia popote. Nimeyarudia. Waje.

Hapo simu yake ikalia. Aliangalia jina, akakunja uso, akasema ni mwandishi wa gazeti na hawezi kumwacha asubiri. "Endeleeni, nitawakuta ofisini." Akageuka kurudi, mkono mmoja sikioni, ule mwingine akitupungia. Nilimtazama mpaka alipovuka barabara.

Kama Ostrander angekuwa mtu wa kusoma sheria kwenye maktaba, angenyamaza pale pale. Wakili ameondoka, padri hayupo, hiyo si toba tena, ni mazungumzo tu ya watu watatu kando ya maji. Lakini alikuwa ametembea hivyo miaka mingi kiasi kwamba ameacha kumhesabu wakili. Alidhani kinga iko kwenye viatu.

"Grant," nilisema, "achana na asilimia. Ni Yesenia."

"Yesenia nani?"

"Nena. Wa kahawa, pale chini. Mume wake akijua alipo atakuja kumuua. Si maneno ya kutisha watu, alishajaribu."

Alisimama. Tulikuwa karibu na benchi moja la saruji, na bahari ilikuwa inagonga ukuta chini yetu, polepole, kama mtu anayegonga mlango asitake kuamsha nyumba nzima. Aliniwekea mkono begani, na mkono wenyewe ulikuwa na joto, ulikuwa mkono mwema. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Najua mtu ataumia, Mama Corliss. Sikatai. Tukizindua kitu kikubwa namna hii, mtu anaumia. Ikitokea, tunaomba radhi siku hiyo hiyo na kurekebisha siku inayofuata. Hakuna kampuni duniani inayorekebisha upesi kuliko sisi." Akatia lozi mdomoni. Halafu, kama aliyekumbuka, akauliza, "Lakini yupi? Yule mfupi, au yule mwenye nywele nyekundu?"

Mwanamke yule alikuwa amemkabidhi kikombe kila asubuhi tangu jengo lifunguliwe.

"Mfupi," Hae-won alijibu.

"Aaa," alisema Ostrander. "Yule wa sauti."

*

Kampuni yetu ilizindua Jumanne hiyo hiyo.

Sitakusimulia siku zilizofuata kana kwamba zilikuwa na uzito wa pekee. Hazikuwa nao. Watu walifurahia majina. Walisimama njia panda wakielekeza simu kwa wapita njia na kucheka. Nilimwambia Yesenia asije kazini, akaniambia kodi ya nyumba haijui habari za simu. Alikata nywele, akavaa barakoa. Msimamizi wake alimwambia aivue, inawatia wateja wasiwasi.

Kisha ikaja sherehe ya kuzaliwa ya kijana mmoja wa mauzo, pale ukumbini, keki, mishumaa, watu wakirusha moja kwa moja. Yesenia aliinama kutafuta vifuniko. Alichelewa kidogo tu. Nimeiona video hiyo, na mahakama nzima imeiona: watu wanaimba, na nyuma yao, juu ya kichwa kinachozama chini ya kaunta, jina lake lote linaning'inia hewani, jina la baba na la mama, halafu hakuna tena mtu, kuna jina tu juu ya kaunta tupu.

Fresno si mbali. Mume wake, aliyekuwa akilitafuta jina hilo, alikuja asubuhi iliyofuata, amenyoa, amevaa shati zuri. Alipanga foleni. Watu waliokuwa kwenye foleni ile wanasema alikuwa mpole, alimpisha mama mmoja mwenye mtoto. Alipofika mbele aliagiza kahawa nyeusi, na alipoulizwa iandikwe jina gani, akataja la mkewe.

Walinzi walichelewa kumbandua kwenye shingo ya Yesenia. Watu waliinua simu. Na kwa sababu kile kitu kilifanya kazi vizuri, Hae-won alikijenga vizuri mno, majina yao mawili yalielea juu yao pamoja wakati wote, bega kwa bega, kama kwenye kadi ya harusi. Hiyo ndiyo video uliyoisukuma juu.

Kampuni iliomba radhi alasiri ile. Kesho yake ikarekebisha. Ostrander alitimiza kila alichoahidi.

Mimi nilishuka kwa ngazi, nikaenda nyumbani, nikarudi na kipaza sauti changu cha zamani. Walinifukuza kazi nikiwa bado nasema. Viatu hawakukumbuka kunidai.

*

Yesenia aliishi. Koo halikupona. Sauti ile iliyokuwa ikijaza ukumbi ikabaki pumzi yenye maneno ndani yake. Ukitaka kumsikia unainama, na yeye anachukia kuinamiwa. Alipofungua kesi wakili wake alimuuliza anataka nini, akitarajia ataje tarakimu. Alisema anataka mtu mmoja atoke ndani ya jengo lile aseme kwa kinywa chake: walijua. Basi.

Kwa muda mrefu ilionekana kama hakuna njia. Kampuni ilisema haikujua. Ujumbe wangu uliletwa, jaji akakubali kwamba ni siri ya wakili na mteja, ukarudishwa kwenye bahasha. Nilipotaka kuusimulia ule mwendo wa ukingoni, mawakili wao waliruka: wakili alikuwepo, yote yaliyosemwa pale yamefungwa.

Ndipo Toby alipoitwa. Alikuwa ameshaacha kazi ile; alikuwa amekonda, tai imenyooka kama ya mtu aliyevalishwa na mwingine. Ana kiapo cha taaluma yake, na hakukivunja. Hakusema neno lolote kuhusu alichosikia. Wakili wa Yesenia alimuuliza swali moja tu: ulitembea nao hadi wapi?

"Hadi simu yangu ilipolia," alisema. "Nikarudi. Walipofika kwenye benchi sikuwepo."

"Una hakika?"

"Kwamba sikuwepo, hilo naruhusiwa kulisema. Sikuwepo."

Hiyo tu. Neno hilo moja la mtu asiyekuwepo ndilo lililofungua mlango. Jaji alifikiri, akaniruhusu niseme yote yaliyotokea baada ya Toby kugeuka. Nikasema. Mkono begani, lozi, "najua mtu ataumia," mfupi au mwenye nywele nyekundu. Wakili wa kampuni, bibi mmoja mtaratibu, alinisogelea.

"Bibi Corliss Batiste, ulifukuzwa na kampuni hii."

"Ndiyo."

"Una chuki nayo."

"Ninayo."

"Na huna hata mstari mmoja wa maandishi unaothibitisha hayo uliyoyasema."

"Mlinipa viatu ili nisiwe nao," nilimwambia. Watu wa baraza, wale raia wanaoamua kesi, wakatazamana. Lakini niliona machoni mwao: mwanamke mwenye hasira, neno lake dhidi ya neno la bwana mwenye tabasamu. Wangeniamini kama pangekuwa na mtu wa pili.

Mtu wa pili alikaa kizimbani baada ya chakula cha mchana. Hae-won alivaa viatu vyeusi vya kisigino vilivyomwumiza; aliviangalia muda wote.

"Ulikuwepo kwenye benchi?"

"Huenda nilikuwepo."

"Bwana Ostrander alisema anajua mtu ataumia?"

"Sikumbuki."

"Aliuliza ni mwanamke yupi?"

"Sikumbuki."

"Je, wewe ndiye uliyemjibu?"

Mwandishi wa mahakama aliinua mikono kwenye mashine yake akasubiri. Nilimwambia moyoni, sema, mwanangu, ni neno moja, ulishalisema mara moja.

"Sikumbuki."

Wanafundishwa, unajua. Kabla ya kizimba kuna siku nzima za mazoezi, na fundisho kuu ni kwamba hakuna anayefungwa kwa kusahau. Kwanza unaambiwa usiandike. Kisha unaambiwa usikumbuke. Ukishafanya yote mawili, jambo halikutokea.

Nilimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta karibu na bomba la maji ya kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua.

"Usianze, mama, tafadhali," alisema. "Kibali changu cha kuishi hapa kinatoka kwao. Wakiniachisha kazi nina miezi miwili nifungashe. Baba yangu anaumwa, mimi ndiye ninayemtibu. Ungefanya nini?"

"Ningesema."

"Wewe umezaliwa hapa."

Nilifungua mdomo kumjibu, lakini Yesenia alikuwa amesimama kati yetu. Sijui alifikaje. Alimtazama Hae-won bila ukali wowote, kama alivyokuwa akimtazama mteja wa asubuhi, na akasema kwa ile pumzi yake, ikabidi sote wawili tuiname:

"Chai ya maziwa. Bila sukari. Kikombe kidogo." Akavuta hewa. "Mimi nakukumbuka."

Akaenda zake. Hae-won alivua vile viatu vyeusi, akakaa sakafuni na soksi zake.

Tulishindwa. Baraza lilisema haikuthibitishwa kwamba walijua.

*

Imepita miaka. Yesenia anaishi mji mwingine, nao sitautaja. Ostrander ana kampuni yake sasa, na ananitumia salamu kila siku yangu ya kuzaliwa. Na ile kazi ya majina imerudi. Imerudi na jina tamu, inasema ni ya kukusaidia usisahau watu uliokutana nao kwenye sherehe. Haiulizi mwenye uso. Iko kwenye simu hiyo uliyonayo.

Sheria ya kuilazimisha iulize imefika Sacramento, kwenye bunge la jimbo. Keshokutwa kamati inaketi kusikiliza wananchi, na yeyote anayetaka anapewa kipaza sauti, awe na digrii au awe dereva wa basi. Mawakili wa kampuni watakuwepo, wengi, vijana waliofundishwa vizuri. Watasema haijulikani kama kuna mtu atakayeumia.

Juzi simu yangu ililia, namba ndefu ya mbali. Nilidhani ni matapeli.

"Mama Corliss?" Sauti ndogo. Nyuma yake nilisikia sufuria na mtu akikohoa. "Niko kwetu, Busan. Waliniachisha kazi hata hivyo. Wote wa ghorofa yetu."

"Pole, mwanangu."

"Wanaruhusu mtu kuongea kwa simu? Kwenye hiyo kamati?"

"Wanaruhusu."

Bahari nzima ilikuwa kati yetu, na nilisubiri, kama tulivyosubiri siku ile.

"Alisema, 'Lakini yupi?'" alisema Hae-won. "Na mimi ndiye niliyemjibu. Nilisema, 'Mfupi.'"

"Ulisema hivyo," nilimwambia.

Kwa hiyo yeye atasema, kutoka huko, kwa saa za kwao ambapo watu wamelala. Yesenia atakaa mstari wa mbele, na akitaka kusema, watainama. Mimi nimeshavitoa viatu chini ya meza.

Sasa wewe. Najua baadhi yenu mlitembea pia, kwenye kampuni nyingine, kando ya maji mengine, na mkaambiwa kwamba hakuna haja ya muhtasari. Najua wengi hamkutembea popote, mlibonyeza ndiyo tu. Toa simu. Ingia mahali pa majina, zima. Usinisubiri nimalize, zima sasa, nitakungoja. Halafu njoo Sacramento keshokutwa. Usilete karatasi. Njoo na unachokikumbuka, simama mbele ya kile kipaza sauti, ukiseme.